Karatasi ya mahudhurio si ridhaa ya kamati

Kuna karatasi moja inayonikera kuliko zote katika shule zetu za msingi hapa Tanzania: karatasi ya mahudhurio ya kikao cha kamati ya shule. Inazungushwa dakika tano za mwanzo, ajenda haijasomwa, kila mjumbe anaandika jina, namba ya simu na saini. Wiki moja baadaye imebanwa nyuma ya muhtasari ambao hakuna mjumbe aliyeuona, na muhtasari unasema "wajumbe kwa kauli moja waliridhia." Waliridhia nini? Waulize. Wanakumbuka soda.

Kwenye maandishi kamati ni chombo chenye meno. Sheria ya Elimu ya 1978 inaitambua, na tangu MMEM, yaani Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, uanze mwaka 2002 kamati zimekuwa zikitajwa kwenye kila mwongozo wa mipango na fedha za shule. Kwa vitendo mambo yamegeuzwa: mahali fulani ofisini panatakiwa kiambatisho, mwalimu mkuu anatafuta kiambatisho, kikao kinaitwa ili kiambatisho kipatikane. Na katibu wa kamati ni nani? Mwalimu mkuu. Anayeomba fedha, anayezitumia na anayeandika tulichosema ni mtu yule yule.

Haya, nikiri kwa shingo upande: walimu wakuu wengi hawana mhasibu wala karani, wana vipindi darasani, na bado wanatakiwa kuhangaika na FFARS, mfumo wa hesabu za fedha za shule, na NeST, mfumo wa manunuzi ya umma, huku mtandao umekata. Kwa mtu wa namna hiyo, wajumbe wapole na kikao kifupi ni neema. Naelewa. Ila uchovu wa katibu haugeuzi ukimya wa wajumbe kuwa azimio.

Tukija kwenye ruzuku ambayo serikali inaipa shule, hesabu yake haihitaji shahada. Kwa utaratibu uliokuja na elimu bila malipo mwaka 2016, kila mwanafunzi wa msingi ana shilingi 10,000 kwa mwaka. 4,000 za vitabu hazifiki shuleni kama fedha, 6,000 zinaingia kwenye akaunti ya shule, sawa na 500 kwa mwezi. Wanafunzi 600 ni 300,000 kwa mwezi. Mjumbe aombe vitu viwili tu mezani: taarifa ya benki na idadi ya watoto kwenye madaftari ya mahudhurio. Ikiwa madarasani wamo 720 na fedha inakuja ya 600, pengo ni 60,000 kila mwezi, na mara nyingi hakuna aliyeiba. Takwimu zilizopelekwa juu ni za zamani. Hilo ni la kuandikiwa barua, na barua yenye mgongo wa kamati ina uzito kuliko malalamiko ya mwalimu mkuu peke yake.

Lakini penye uhondo wenyewe ni kwenye ujenzi. Zilipokuja fedha za UVIKO-19 mwaka 2021, milioni 20 kwa darasa moja, watu wengi walilijua neno fosi akaunti kwa mara ya kwanza, yaani shule kujenga yenyewe kwa kununua vifaa na kulipa mafundi bila mkandarasi, pamoja na kamati zake: ya ujenzi, ya manunuzi, ya mapokezi. Kila mtu anakimbilia ya manunuzi. Ya mapokezi wanatupiwa wazee na kina mama, eti kazi yake ni kupokea tu. Waliogawa hivyo wanajua wanachofanya, au hawajui kabisa.

Angalia nondo. Orodha inasema milimita 12, lori linashusha milimita 10, na kwa macho zinafanana. Lakini ya 10 ina chuma pungufu kwa karibu theluthi moja, na ndiyo itakayobeba lenta, ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha. Ya milimita 12 yenye urefu wa mita 12 ina uzito wa kilo kumi na nusu na ushei. Ya milimita 10 haifiki hata kilo saba na nusu. Mzani wa kupimia mahindi unatosha kumaliza ubishi, kabla dereva hajapewa saini. Saruji nayo ihesabiwe ikishuka, si ikiwa imeshapangwa stoo, maana rundo linaweza kuwa na uwazi katikati. Mfuko ulioganda pembeni urudi na lori lile lile. Na kwenye hati ya mapokezi iandikwe idadi iliyopokelewa kweli, si ile iliyoagizwa. Hapa ndipo fedha ya darasa inapopotelea, halafu tunalaumiana baada ya ukuta kupasuka.

Kikao cha saa nne asubuhi siku ya kazi kimeshawachuja wazazi kabla hakijaanza. Mwenyekiti aliyependekezwa na mwalimu mkuu na kupigiwa makofi hakuchaguliwa.

Muhtasari sasa. Maazimio yaandikwe pale pale kikaoni, kwa mkono ikibidi, kwenye ukurasa wake: kilichoamuliwa, kiasi cha fedha, mhusika, tarehe ya mwisho. Yasomwe kwa sauti, ndipo wajumbe wasaini chini yake. Karatasi ya mahudhurio ibaki kuwa ya mahudhurio. Mwenyekiti aondoke na nakala, hata ya picha ya simu, na kikao kijacho kianze na yatokanayo kutoka kwenye nakala hiyo, siyo ile iliyopigwa chapa baadaye ofisini. Zikitofautiana, ajenda nyingine zote zisubiri.