Siku niliyomshusha Kanali cheo kwa markapeni ya dhahabu

Jamani mi kazi yangu ni mapambo. Maua, vitambaa, kuvalisha viti, send-off, kipaimara, harusi, hata misiba ya wenye uwezo huwa tunaitwa. Sasa kuna mwaka bosi wangu, mama mmoja ambaye hajawahi kukataa tenda tangu azaliwe, akapata dina ya maofisa wa jeshi hapa Dar, meli za kigeni zilikuwa zimetia nanga bandarini na wageni wanatoka nchi kama tano hivi. Akatukusanya akauliza, nani humu anaelewa vyeo vya jeshi? Na mimi kwa kiherehere changu nikanyoosha mkono.

Sifa zangu zilikuwa moja tu, nilipita JKT kwa mujibu wa sheria baada ya form six, miezi mitatu. Waliopita wanajua, kule mtu unayemfahamu vizuri ni koplo. Koplo ndo anakuamsha, koplo ndo anakukimbiza mchakamchaka, koplo ndo anaamua kama leo unakula umekaa au unaruka kichura kwanza. Kanali nilimwona siku moja tu, ya kufunga mafunzo, kwa mbali, alikuwa mdogo kama karanga. Lakini ngazi yenyewe niliikariri na naweza kuitaja hata usingizini: Luteni Usu, Luteni, Kapteni, Meja, Luteni Kanali, Kanali, Brigedia Jenerali, Meja Jenerali, Luteni Jenerali, Jenerali. Nikamwambia mama tulia, hili ni langu.

Orodha ikaja siku mbili kabla, majina 80 na kitu, vyeo vyote kwa Kiingereza, kazi yetu ni kuandika vikadi kwa mkono na markapeni ya dhahabu na kupanga nani anakaa wapi. Mama akaweka miwani, akasoma, akasema huyu Rear Admiral si ndo wa nyuma, muweke zile meza za karibu na choo. Nikamwambia hapana mama subiri. Nikagugo. Kumbe Rear Admiral ni sawa na Meja Jenerali, na hilo neno la nyuma limetokana na enzi za meli za matanga, msafara wa kivita unagawanywa mafungu matatu, la mbele, la kati na la nyuma, na huyu ndo alikuwa bosi wa fungu la nyuma. Mama akanitazama kama mwanae aliyefaulu daktari. Akaniachia kila kitu akaenda kununua maua Kariakoo.

Na hapo ndo nilipoharibikiwa, kwa sababu baada ya Rear Admiral sikugugo tena.

Nikakutana na Mhindi mmoja ameandikwa Commander. Sasa we niambie, Bongo hii ukisikia Kamanda unafikiria nani? Kamanda wa polisi wa mkoa, yule anayeongea na waandishi wa habari nyuma kuna majambazi wamekalishwa chini. Mtu mzito. Nikampeleka meza kuu moja kwa moja. Nikakutana na Captain wanne, mmoja ni wa jeshi la majini la Uingereza, nikasema Kapteni ni Kapteni, wote meza namba 14 pale pembeni ya spika. Group Captain wa anga naye nikamtupa hukohuko, si Kapteni wa kikundi, nikamwona kama mwenyekiti wa kamati ya harusi hivi. Kulikuwa na Mfaransa ameandikwa Major, nikamkalisha na mameja wenzake. Bahati nzuri hakukuwa na Marshal, maana Marshal ninayemjua mimi ni Idi Amin, na yule alijipandisha mwenyewe mwaka 1975, sijui ningemweka wapi.

Meza kuu ikabaki na kiti kimoja wazi. Nikasema hapa panahitaji mtu wa nyota tatu, nilishasikia kwamba jenerali wa nyota tatu ni mtu hatari. Nikachungulia mlangoni wageni wanavyoingia, nikamwona kijana mmoja wetu wa nchi kavu, begani nyota tatu zinawaka, moja mbili tatu nimehesabu mwenyewe. Nikaenda kwa adabu zote, nikamshika kiwiko, nikampeleka mpaka kwenye kile kiti katikati ya mabrigedia.

Yule kijana hakukaa. Alisimama nyuma ya kiti kama amepigwa shoti. Jasho linamtoka kwenye paji la uso na AC ilikuwa inapuliza kwelikweli. Akaniinamia sikioni akaninong'oneza, "Kaka, mimi ni Kapteni. Unataka leo nikalale mahabusu?"

Nikamwambia lakini una nyota tatu. Akafumba macho.

Wakati huohuo meza namba 14 yule Mwingereza alikuwa ameshakaa, mzee wa watu nywele nyeupe, mikononi ana mistari minne ya dhahabu na ule wa juu kabisa una kakitanzi, kazungukwa na vitoto vya miaka 27, spika inampigia taarabu sikioni, na hakuna hata mmoja pale mezani anayethubutu kugusa mkate kabla yake. Vitoto vimekaa wima kama vimemeza fagio. Yeye anatabasamu tu, wale watu wana uvumilivu wa ajabu.

Dada wa itifaki akaniona. Alikuwa na redio mkononi na sauti ya chini, ile sauti ya chini ambayo ni afadhali upigwe. Akanivuta korido ya jikoni. Akaniambia we kaka, Captain wa majini siyo Kapteni wa nchi kavu, Captain wa majini ni KANALI. Kapteni wetu wa nchi kavu anaongoza kombania, kwa wale wa majini mtu wa kiwango hicho anaitwa Lieutenant. Yule Group Captain naye ni Kanali. Yule Commander uliyemweka meza kuu ni Luteni Kanali, mtoe. Na Mfaransa wako Major siyo Meja hata kidogo, kwao Major ni wa juu kabisa kwa wale wasio maofisa, Meja wao anaitwa Commandant. Yaani umemkalisha RSM, sajini meja wa kikosi, na mameja. Nikachungulia, huyo Mfaransa ndo alikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote ukumbini, ameshajimiminia waini.

Akaniambia kuna jedwali kwenye simu lisome una dakika kumi. Nikalifungua nimesimama pembeni ya ndoo ya barafu. Kanali wa Marekani ameandikwa O-6, safu ya pili ya NATO Kanali huyohuyo ni OF-5, nikajua nimekwisha, makanali wako wa aina mbili. Kumbe Marekani wanahesabu kila ngazi, NATO Luteni Usu na Luteni wanawatia kapu moja, ndo maana namba zinapishana. Mpishi akapita na trei ya samosa akaniuliza we unalia?

Basi nikaingia kazini. Mzee wa Kiingereza nikampeleka meza kuu, Kapteni wetu nikamrudisha kwa wenzake akanishika mkono kama nimemtoa jela, Commander nikamhamishia meza ya maluteni kanali. Kidogo nimsikie kijana wa meli yake anamwonyesha kidole anasema yule ndo captain wetu, nikataka kumrudisha tena! Dada wa itifaki akanidaka shati. Kumbe anayeongoza meli wenzake wanamwita captain hata kama cheo chake ni Commander. Haya.

Hapo sasa nilikuwa nimeelewa, nimeelewa kupita kiasi. Ndo nikaiona kadi ya Mkenya. Mtu wa majini kabisa, amevaa nyeupe tupu, na kadi yake imeandikwa Colonel. Nikasema ahaa, hili kosa nimelifanya mwenyewe, mtu wa majini awe Kanali vipi wakati nimetoka kufundishwa sasa hivi kwamba wale wanaitwa Captain? Nikatoa kadi mpya, nikaandika Captain kwa mwandiko wangu mzuri kuliko yote usiku ule, na kiua pembeni, nikaibadilisha amesimama anasalimiana na watu. Nikajipongeza.

Baada ya supu nikaona kidole kinaniita.

"Kijana, hebu kuja." Nikaenda. Kadi ameishika mbele ya macho kama mtu anayesoma risiti ya gereji. "Mimi nimetoka Mombasa nikiwa Kanali. Nimefika Dar ni Kapteni. Sasa wakati wa kurudi nikipitia Tanga, si nitafika nyumbani nikiwa kuruta?"

Meza nzima ikaangua kicheko, mimi nikatafuta shimo. Ndo akanieleza taratibu, kwamba Kenya majini, anga na nchi kavu wote wanatumia vyeo vilevile, majini kwao hakuna Captain wa namna hiyo, ndo maana Mwathethe alitoka majini akawa mkuu wa majeshi na cheo chake kikawa Jenerali, na Ogolla naye alitoka anga, Jenerali vilevile. Kwa hiyo kile nilichoandika na kiua pembeni kilikuwa kimemshusha ngazi tatu nzima, Luteni Kanali, Meja, mpaka Kapteni, bila hata mahakama ya kijeshi. Nikaomba nimwandikie nyingine. Akakataa, akaitia mfukoni, akasema anampelekea mama watoto aone mahali mume wake anadharauliwa.

Dina ikaisha vizuri tu, watu wakala, hotuba zikapigwa, mama akanitumia meseji moja tu yenye alama ya kuuliza, bila maneno. Saa tano usiku nakusanya vyombo, nimebeba trei ya glasi za waini, nasikia nyuma yangu sauti, "We dogo! Bosi wangu katokea mlango gani?" Nageuka, dereva wa mmoja wa wakubwa, mkononi V mbili.

Koplo.

Sikufikiria. Visigino vikagongana vyenyewe, mguu sawa, mikono ikashuka ubavuni, kidevu juu, nikapiga kelele "AFANDE!" mpaka jikoni wakatoka kuangalia.

Glasi zilikuwa 22. Mama alizikata zote kwenye hela yangu.