Seva kuukuu: kuichomeka na kuipa funguo ni mambo mawili

Kampuni moja ya vifaa vya ujenzi hapa Dar es Salaam imenunua duka la mshindani wake, na pamoja na mabati na nondo imerithi seva ya Windows Server 2003. Niliikuta chini ya meza ya mama mhasibu, imefunikwa kitambaa cha kufuma kama redio ya marehemu babu, feni ikikoroma. "Mwanangu, humo mna madeni ya watu," mama aliniambia. "Ukiizima, watakaoshangilia ni wao, si wewe."

Meneja anataka iunganishwe na mtandao wa makao makuu wiki hii hii. Kijana wa TEHAMA ana neno moja: itupwe. Ubishi huu nimeukuta ofisi nyingi, na karibu kila mara anayeitetea seva huonekana mshamba anayeogopa mambo mapya. Nadhani tunamwonea.

Ila hoja ya kijana si ya kipuuzi. Microsoft iliacha kuihudumia Server 2003 tarehe 14 Julai 2015. Mei 2017 kirusi cha WannaCry kikapenya kwenye tundu la usalama la SMB1, ile njia ya zamani ya kugawana mafaili, kikavuruga hospitali za Uingereza. Na Server 2003 haina njia nyingine zaidi ya hiyo. Kompyuta za sasa, kwa kawaida, SMB1 imeshaondolewa, kwa hiyo ukiichomeka seva hiyo kwenye swichi, kile kifaa kinachounganisha kompyuta za ofisi, watu hawayaoni mafaili yake. Fundi aliyechoka atafanyaje saa kumi na moja jioni, simu zinaita? Ataiwasha SMB1 kwenye kila kompyuta ya ofisi. Mgeni mmoja kaja, nyumba nzima imeacha kufunga milango. Nimeliona hilo kwa macho yangu, na aliyelifanya alipongezwa kwa kazi nzuri.

Sasa msikilize mama. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya 2015 inataka kumbukumbu zitunzwe miaka 5, lakini kwake hilo ni dogo. Nikiwa pale aliingia mteja anayeapa kwamba mzigo wa Machi alishaulipia. Mama hakubishana. Alifungua skrini ya bluu, akabonyeza vitufe vitatu bila hata kuviangalia, ikatoka namba ya risiti, tarehe, na jina la dereva aliyebeba mzigo. Mteja akatazama chini. Tunapowaambia watu "data zitahamishwa", mara nyingi kinachohamishwa ni salio la mwisho: fulani anadaiwa kiasi fulani. Dereva, risiti, nusu iliyolipwa Ijumaa na nusu Jumanne, vyote hubaki nyuma. Na aliyetengeneza ile programu simu yake haipatikani siku nyingi.

Kuna kisa ninachokirudia kila nikikaa kwenye vikao vya namna hii. Tarehe 27 Juni 2017 kirusi cha NotPetya kiliikumba Maersk, kampuni kubwa ya meli. Seva zake zinazosimamia domeni, yaani zile zinazojua nani ni nani na nani anaruhusiwa wapi, zilifutika dunia nzima. Ilipona moja tu, Ghana, kwa sababu umeme ulikuwa umekatika. Ndiyo, kukatika umeme ndiko kulikowaokoa! Diski yake ilibidi isafirishwe kwa mkono hadi Uingereza. Mwenyekiti wao alisema baadaye kwamba walisakinisha upya seva 4,000 na kompyuta 45,000 kwa siku 10.

Kijana anakisoma kisa hicho kama ushahidi wake. Mimi kinanielekeza kwingine. NotPetya haikuua kompyuta zenye tundu peke yake. Ilichota nywila za wasimamizi zilizobaki kwenye kumbukumbu ya mashine moja, ikazitumia kuingia kwenye mashine zilizozibwa vizuri kabisa. Na ile ya Ghana haikupona kwa upya wake wala ubora wake, ilipona kwa sababu saa ile hakuna aliyeweza kuifikia. Basi umri wa seva ni nusu ya swali. Nusu nyingine, ambayo vikaoni haiulizwi, ni nani anaifikia, na nywila ya nani inalala humo.

Ndiyo maana nasema "kuunganisha" kunachanganya mambo mawili. Kuiingiza seva hii kwenye domeni ya makao makuu, msimamizi mkuu akaingia humo hata mara moja, ni kuacha funguo za jengo zima kwenye nyumba isiyo na kitasa. Hapo niko na kijana. Lakini kuiwekea VLAN yake, yaani mtandao wake uliotengwa na wa wengine, haigusi intaneti, kompyuta ya mama peke yake ndiyo inaruhusiwa kuongea nayo, na akaunti yake haitumiki pengine popote, hilo linafanyika. Linahitaji swichi ya maana, si zile za bei ya chee zilizopo sasa, na meneja ameguna.

Kijana alinijibu kwamba ofisini cha muda hukaa miaka kumi. Sikuwa na jibu, maana ni kweli.

Tulichukua nakala ya diski nzima tukaiwasha kama mashine pepe, yaani kompyuta inayoigizwa na programu, kwenye seva mpya. Windows ikawaka vizuri. Programu ya mama ikagoma: inatafuta kifunguo chake cha leseni, kile kidude kilichochomekwa nyuma ya seva kuukuu, kwenye tundu la printa. Kwa hiyo seva bado inakoroma chini ya meza. Kitambaa tu ndicho tumekubaliana sote kiondoke, kilikuwa kinaziba matundu ya hewa.