Cannery Row si ya Steinbeck peke yake

Ukimtajia mtu Cannery Row, ule mtaa wa viwanda vya kusindika sadini kwenye makopo huko Monterey, California, kinachomjia haraka ni riwaya ya John Steinbeck ya 1945, na wala simlaumu, maana mtaa wenyewe ulibatizwa kwa riwaya hiyo. Zamani uliitwa Ocean View Avenue, jina likabadilishwa 1958, na huo mwaka unaniuma kweli kwa sababu sadini walikuwa washakwisha, viwanda vingi vimefungwa, ndo mtaa unapewa jina la viwanda. Riwaya naipenda, iliwapa heshima watu wa chini ambao hakuna aliyekuwa anawaandika. Ila yaliyotokea pale ni mazito kuliko hadithi, na yanatakiwa yasemwe kwa sauti ileile.

Kwanza Wachina. Kabla ya kiwanda hata kimoja walikuwa na kijiji chao cha uvuvi pale Point Alones, tangu miaka ya 1850, na walipobanwa na wavuvi wengine wakahamia ngisi, wanavua usiku, moto unawaka kwenye boti ngisi wanaufuata (mvuvi wa dagaa Kigoma na karabai yake angewaelewa palepale), kukicha wanawaanika, wakikauka wengine wanasafirishwa mpaka China. Majirani walilalamikia harufu miaka na miaka, na kampuni yenye ardhi ilikuwa inawataka waondoke. Mei 1906 kijiji kikaungua, na walipotaka kujenga upya wakazuiwa. Leo pale pana kituo cha utafiti wa bahari cha Chuo Kikuu cha Stanford. Miaka ya karibuni wazao wao wamekuwa wakifanya matembezi ya kuwakumbuka, na ni haki yao kabisa.

Viwanda ndo vikashika kasi. Frank Booth alianza kusindika, Knut Hovden kutoka Norway akaja na ujuzi wa mashine, Pietro Ferrante wa Sicily akaleta nyavu za lampara, zile za kuzungushia kundi la samaki, halafu Vita vya Kwanza vikaja na jeshi linataka chakula cha kopo. Uvuvi ulikuwa wa usiku wa giza, mwezi ukiwa haupo, kwa sababu kundi la sadini likipita maji yanang'aa na mvuvi analiona. Kwahiyo samaki walifika saa yoyote ya usiku, kiwanda kinapiga king'ora, na kila kiwanda kilikuwa na mlio wake, mama aliyelala nyumbani anasikia anajua huu ni wetu, anavaa anashuka mtaani na baridi ile. Wataliano, Wareno, Wahispania, Wajapani, Wafilipino, wanasimama kwenye sakafu iliyolowa wanapanga samaki kwenye makopo mpaka mzigo uishe, hapakuwa na saa ya kutoka. Hao akinamama kwangu mimi ndo Cannery Row.

Sasa jambo ambalo jina la mtaa linalificha. Samaki wengi sana hawakuingia kwenye kopo, walisagwa! Unga wa samaki kwa ajili ya kuku na mbolea, na mafuta, huko ndo faida ilikuwa nono na haikuhitaji mikono mingi. Jimbo lilijaribu kudhibiti usagaji, wenye viwanda wakapambana nalo, na miaka ya 1930 kukawa na hadi meli za kusagia zilizotia nanga zaidi ya maili 3 kutoka pwani ambako sheria ya jimbo haifiki. Msimu wa 1936-37 California ilivua zaidi ya tani 700,000. Wanasayansi wa idara ya samaki ya jimbo walishaonya kwamba ni nyingi mno, hawakusikilizwa. Ed Ricketts, mwanabiolojia wa bahari ambaye Steinbeck alimchukua akamfanya Doc, mhusika wa riwaya ile, naye alikuwa na maabara palepale mtaani na alifuatilia suala la sadini kwa takwimu, akaliandikia gazeti la mji. Mei 1948 gari lake likagongwa na treni jirani na pale, akafa siku chache baadaye.

Kuna wanaosema bahari ilibadilika tu. Ni kweli sadini wana misimu yao mirefu, magamba yaliyokutwa kwenye tope la chini ya bahari huko Santa Barbara yanaonyesha walikuwa wanaongezeka na kupungua kabla hata ya viwanda. Lakini mimi hoja hiyo hainiridhishi, kama bahari imeingia mwaka wa njaa si ndo unapunguza nyavu? Wao waliendelea kuvuta kila walichokiona.

Kiwanda cha Hovden ndo kilikuwa cha mwisho, kilifungwa 1973, na 1984 eneo lile likafunguliwa Monterey Bay Aquarium kwa pesa za familia ya David Packard, mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya Hewlett-Packard. Boila za zamani waliziacha zionekane na hapo nawapongeza, mtoto anayekuja kuangalia papa anakutana na chuma kilichopikia sadini. Jimbo lilipiga marufuku uvuvi wa sadini 1967, wakati hamna cha kuvua. Sadini walirudi baadaye, wakapungua tena, ila safari hii kanuni ipo, wakishuka chini ya tani 150,000 uvuvi mkubwa wa kibiashara unasimama, na 2015 ulisimamishwa kweli.