Paneli haioni kila kitu: kupima waya za kengele ya moto kabla ya kuunganisha

Mafundi wanaofunga mifumo ya kengele za moto wana ubishi wa siku nyingi. Waya zikishatandazwa jengoni, zipimwe zenyewe kwanza, au ziunganishwe moja kwa moja na paneli, yaani kisanduku kinachoongoza mfumo mzima, iachiwe kazi ya kusema penye kasoro? Mimi niko upande wa kupima kwanza, ingawa wanaopinga wana hoja za kweli, na yako majengo ambako wanashinda.

Wanasema paneli inazikagua laini zake muda wote, na ni kweli. Kwenye mfumo wa kawaida wa zoni, ambako kila sehemu ya jengo ina laini yake, mwisho wa kila laini hufungwa rizista, kijisehemu kinachozuia mkondo. Thamani yake hutegemea mtengenezaji. Omu 4,700 ni ya kawaida. Kwa volti 24, rizista hiyo hupitisha takriban miliampea 5. Waya ukikatika, mkondo unatoweka. Ukipiga shoti, unapanda. Hali zote mbili paneli inazitambua.

Hoja yao nyingine ni mega. Kifaa hiki hupima insulesheni, yaani ganda la waya linalozuia umeme kuvuja, kwa volti 500, na volti hizo zikiifikia detekta (kifaa kinachonusa moshi au joto) au kadi ya paneli zinaweza kuiua hapo hapo. Hapa nawapa haki yao. Katika hoteli yenye wageni, ambako detekta zimeshafungwa darini miaka mingi, kuteremsha kila kichwa cha detekta na kila king'ora ili mega ipite salama ni kazi kubwa, na kikisahaulika kimoja tu hasara imeingia. Huko ningeikata laini vipande vipande na kupima kila kipande kwa mita ya kawaida, waya kwa waya na waya kwa ethi (waya wa ardhini).

Jengo jipya ni habari nyingine, na ndipo hoja ya "paneli itasema" inaponitia wasiwasi. Paneli ya zoni inaona mkondo tu. Fundi akichepusha tawi katikati ya laini ili kufikia chumba kilichosahaulika kwenye mchoro, rizista inabaki mwisho wa laini kuu. Tawi likikatika, mkondo haubadiliki, taa ya hitilafu haiwaki, na detekta za chumba kile hazipo tena kwenye mfumo. Hatari ni ile ile pale waya unapopitishwa chini ya skrubu ya detekta bila kukatwa: skrubu ikilegea detekta inajitenga, huku laini ikiendelea kusomeka nzima. Kasoro hizi mega nayo haizioni. Zinapatikana kwa kuiondoa rizista na kufuata laini kituo kwa kituo kwa mita, kisha, mfumo ukishawashwa, kuchomoa kila kichwa na kuangalia kama paneli inalalamika. Wanaoitegemea taa ya paneli hawafiki huko.

Mega ina kazi yake kwenye unyevu na michubuko. Kebo mpya iliyo kavu husoma mamia ya megaomu. Ikisoma moja au mbili, pana mahali imechubuliwa na bomba au maji yameingia kwenye bokisi, na masika ikifika hitilafu ya ethi itaanza kuja na kuondoka bila mtu kujua inatokea wapi. Hitilafu moja ya ethi kwa kawaida haiuzimi mfumo. Ya pili, kwenye waya wa upande mwingine, inaweza kuwa shoti kamili. Zipo paneli zenye kiungo ambacho kikitolewa ukaguzi wa ethi huzimika, na wapo wanaokitoa ili wakabidhi jengo likiwa na taa ya kijani. Hilo ni kumdanganya mtu atakayelala humo.

Laini za ving'ora nazo zina tatizo ambalo paneli nyingi haziwezi kulisema. Wakati wa utulivu hukaguliwa kwa volti zilizogeuzwa, chanya na hasi zikibadilishana nafasi ili ving'ora visilie, na kwa mkondo mdogo kila kitu huonekana sawa. Waya wa shaba wa milimita mraba 1.5 una takriban omu 12 kwa kilomita. Mita 200 kwenda na 200 kurudi ni karibu omu 5. Ving'ora vya mwisho vikivuta nusu ampea, volti 2.4 zimepotea njiani, na betri iliyochoka nayo haitoi tena 24. Pima volti kwenye king'ora cha mwisho, vyote vikilia, umeme mkuu ukiwa umezimwa.

Mfumo wa lupu wenye anwani, ambao laini yake hutoka kwenye paneli na kurudi humo humo, unapunguza ubishi huu, kwa sababu paneli huita kila kifaa kwa namba yake na kisipoitika husema. Hata huo ukatwe makusudi katikati, kuthibitisha kwamba vifaa vyote bado vinaitika kutoka pande mbili, kisha upigwe shoti kati ya aisoleta mbili, vifaa vinavyokitenga kipande chenye shoti.

Kinachowafanya wengi waruke vipimo hivi ni muda. Wapiga jipsamu hufunga dari kabla fundi wa kengele hajamaliza, na bei ya zabuni mara nyingi haina mstari wa upimaji. Mwenye jengo auweke mstari huo tangu mwanzo, kisha adai karatasi yenye usomaji wa kila laini kabla bodi ya kwanza ya dari haijapanda.