Louisiana: sifa kachukua Jefferson, kazi walifanya watu wa Haiti

Kuna ile stori wanaipenda sana watu wa motivesheni na biashara huku mitandaoni, kwamba mwaka 1803 Marekani ilinunua eneo la Louisiana kutoka kwa Napoleon, mtawala wa Ufaransa, kwa dola milioni 15, senti 3 hivi kwa eka, na rais wao Jefferson anasifiwa kama dalali ambaye hajapata kutokea. Dili silikatai, lilikuwa kubwa mno, zaidi ya kilomita za mraba milioni 2, yaani Tanzania mbili na chenji inabaki, kuanzia mdomo wa mto Mississippi kupanda juu mpaka huko Kanada inapoanzia, na nchi iliyonunua ilikuwa na miaka 20 tu tangu Mwingereza akubali uhuru wake. Ninachokataa ni hiyo sifa kwenda kwa Jefferson.

Maana Jefferson hata hakuagiza mali yote ile. Alichotaka ni New Orleans basi, na Florida kama ingepatikana. Wakulima wa Kentucky na Tennessee walikuwa wanateremsha unga, nyama ya nguruwe na tumbaku kwa maboti kwenye Mississippi, mzigo unawekwa New Orleans unasubiri meli, sasa Oktoba 1802 ofisa wa Kihispania pale mjini akapiga marufuku kuweka mizigo, kelele zikawa nyingi. Na habari zilishavuja kwamba Hispania imemrudishia Mfaransa eneo lote kwa mkataba wa siri wa 1800, na jirani Mhispania aliyechoka ni afadhali mara mia kuliko jirani Napoleon. Akatumwa James Monroe aende Paris kumsaidia balozi Robert Livingston. Kabla Monroe hajafika, tarehe 11 Aprili 1803, waziri wa mambo ya nje wa Ufaransa, Talleyrand, anamuuliza Livingston hivi nyie mngetoa ngapi tukiwapa Louisiana yote? Livingston alikuwa hasikii vizuri, ila kwa swali lile nadhani hata mwenye masikio mazima angeomba arudiwe.

Sasa Napoleon, mtu aliyehangaika mpaka mkataba wa siri, anageukaje kuuza kila kitu ndani ya miaka mitatu?

Jibu liko Saint-Domingue, Haiti ya leo. Ile ndiyo ilikuwa koloni tajiri kuliko zote za Mfaransa, sukari na kahawa, kazi yote inafanywa na watumwa, na wengi wao walikuwa wamezaliwa Afrika kabisa, wakiwemo watu wa Kongo wengi tu. Hesabu za Napoleon zilikuwa Saint-Domingue itoe sukari, Louisiana iwe ya kuilisha, ilete unga, nyama na mbao. Kasoro ni kwamba watumwa walishaanzisha moto tangu 1791, wakajikomboa, na Toussaint Louverture ndiye alikuwa anaendesha nchi. Mwishoni mwa 1801 Napoleon akampeleka shemeji yake, jenerali Leclerc, na maelfu ya askari warudishe mambo ya zamani. Toussaint aliitwa kwenye mazungumzo akakamatwa hapohapo, wakamsafirisha mpaka ngome moja ya baridi kali kwenye milima ya Ufaransa, akafia humo Aprili 1803, mwezi uleule ambao mkataba wa kuuza Louisiana uliandikwa. Lakini kumtoa yeye hakukusaidia kitu, maana zilipofika habari kwamba Guadeloupe, kisiwa kingine cha Mfaransa, utumwa umerudishwa kila mtu alielewa kinachofuata, akina Dessalines, majenerali wa Toussaint waliokuwa wamehamia kwa Mfaransa, wakageuka, homa ya manjano nayo ikawafagia Wafaransa, Leclerc mwenyewe akafa Novemba 1802. Meli za kupeleka jeshi Louisiana zilikuwa zimekwama kwenye barafu huko Uholanzi, na vita na Mwingereza inanukia. Bila sukari ya Saint-Domingue, Louisiana ilikuwa haina kazi tena, Napoleon akaona bora hela.

Ndugu zake, Joseph na Lucien, walichukia. Lucien kaandika kwenye kumbukumbu zake kwamba walimfuata mpaka bafuni, Napoleon yuko kwenye maji, Joseph akaanza kutishia kwamba atapinga hadharani, jamaa akainuka halafu akajibwaga tena majini, Joseph akalowa chapachapa na mtumishi aliyekuwepo akazimia. Hivyo ndivyo nusu ya Marekani ya wakati ule ilivyojadiliwa, na mtu aliye uchi.

Bei ikawa faranga milioni 60 za eneo, plus milioni 20 za kumaliza madai ya Wamarekani waliokuwa wanaidai Ufaransa. Keshi Marekani haikuwa nayo, ikatoa hati fungani za riba ya asilimia 6, na waliozigeuza kuwa pesa ni benki ya Barings ya London na Hope ya Amsterdam, yaani London inamtafutia Napoleon hela na huku Mwingereza anapigana naye!

Halafu nchi ilikuwa na wenyewe. St. Louis, Machi 1804, bendera ya Hispania ikashushwa ikapandishwa ya Ufaransa, ikalala pale usiku mmoja, kesho yake ikaja ya Marekani, na Waosage, wenyeji wenye ardhi, hawamo kwenye karatasi hata moja. Watu wa Pwani biashara hii tunaijua, 1890 Mjerumani alimlipa Sultani wa Zanzibar maki milioni 4 akachukua Mrima, nani aliulizwa? Alichouza Napoleon ni zamu tu ya kunyang'anya, ardhi yenyewe Marekani ilikuja kuichukua kipande kwa kipande, kwa mikataba ya kubanana na kwa bunduki, karibu karne nzima. Walakota, wenyeji wengine wa eneo hilo, walishinda kesi ya milima yao ya Black Hills Mahakama ya Juu 1980, wakaamuliwa walipwe zaidi ya dola milioni 100, na mpaka leo wamegoma kuzigusa, wanataka milima yao.

Kinachonikera zaidi ni malipo waliyopata Wahaiti. Eneo lililopatikana kwa sababu watumwa walimshinda Napoleon likageuzwa kuwa mashamba ya watumwa, Louisiana, Arkansas, Missouri, na baadhi ya wataalamu wa miwa walikuwa ni watu waliokimbia vita ya Saint-Domingue. Haiti ikatangaza uhuru 1 Januari 1804, na miaka miwili baadaye Jefferson huyuhuyu akasaini sheria ya kukataza biashara nayo. 1825 Ufaransa ikapeleka manowari kudai faranga milioni 150 kama fidia ya mabwana waliopoteza mali, na watu wenyewe wamehesabiwa humo kama mali. Weka namba hizo pembeni: Louisiana nzima milioni 60, theluthi hivi ya kisiwa ambayo watu wake walishajikomboa kwa damu yao milioni 150. Zilikuja kupunguzwa 1838 zikawa 90, ila Haiti ilishaanza kukopa Paris ili iilipe Paris. Marekani kuitambua Haiti kama nchi ni mpaka 1862, wabunge wa majimbo ya watumwa walipokuwa wameshaondoka Washington kwenda kupigana vita yao.