Pezi la mkia: lini linafanya kazi, lini ni pambo

Wasiolipenda husema pezi la mkia huongeza uzito na ukinzani wa hewa bure. Wanaolitetea husema bila hilo chombo hakishiki njia. Kabla ya kuamua, tuulize: pezi hilo linasukuma au linanyoosha?

Kwa samaki linasukuma. Pezi la jodari ni jembamba, limejipinda kama mwezi mwandamo, na hupigwa kushoto na kulia huku kiwiliwili kikitikisika kidogo tu. Umbo hilo hufaa mwendo mrefu wa kasi. Chewa, anayevizia miambani, ana mkia mpana wa mviringo: humchosha safarini, lakini humchomoa ghafla. Nyangumi hupiga wake juu na chini, kwani uti wake wa mgongo ameurithi kwa wanyama wa nchi kavu, ambao mgongo wao hukunjika juu na chini.

Pezi la wima la ndege, yaani eropleni, hunyoosha tu. Pua ikiyumba kushoto, hewa hugonga ubavu wa kulia wa pezi, mkia ukasogea kushoto na pua ikarudi. Sharti liwe nyuma ya kitovu cha uzito. Likiwa mbali zaidi nyuma, linaweza kuwa dogo. Tarehe 12 Agosti 1985, Boeing 747 ya Japan Airlines ilipasuka ukuta wa nyuma wa kuzuia hewa ya ndani isitoke, uliokuwa umekarabatiwa vibaya. Sehemu kubwa ya pezi iling'oka, na mifumo yote minne ya haidroliki, inayosogeza vidhibiti vya ndege kwa shinikizo la mafuta, ikakatika. Watu 520 walikufa. Hata hivyo, Januari 1964 ndege ya kivita ya Marekani, B-52, ilipoteza karibu pezi lote ikatua salama, maana marubani bado walikuwa na vidhibiti vingine. Ndege nyingine ya kivita ya Marekani, B-2, iliyoruka mara ya kwanza 1989, haina pezi kabisa: kompyuta huinyoosha kwa kufungua vibao kwenye ncha za mabawa, na rada huiona kwa shida.

Kwenye magari nina shaka zaidi. Mapezi ya Cadillac, yaliyoanza 1948 na kufikia kilele 1959, yalikuwa urembo, na urembo si kosa. Kwenye magari ya mashindano ya Le Mans, Ufaransa, hoja inabadilika, kwa kuwa kasi ni kubwa mno. Upepo wa ubavuni huelemea zaidi sehemu ya mbele ya gari. Pezi huupa upepo huo pa kusukuma nyuma pia, hivyo pua haigeuki upesi. Gharama yake ni kwamba upepo huohuo hulisukuma gari zima pembeni kwa nguvu zaidi.