Mzee apasuliwe goita au aachwe nayo?

Ukitaja opresheni ya shingo kwa mzee wa miaka 78, wengi wanajibu fasta kwamba aachwe apumzike, nusu kaputi itammaliza. Mi naona umri tunaupa uzito mkubwa mno, kwanza tuulize hiyo goita, yaani tezi ya shingoni (thairoidi) iliyovimba, inamfanya nini na mwenyewe yukoje.

Wanaoogopa wana hoja lakini, tusidanganyane. Mzee anaingia thieta na presha, sukari, moyo uliochoka, ndo maana kwa wastani wazee wanalazwa siku nyingi kuliko vijana, na kinachowasumbua mara nyingi ni moyo na mapafu wala sio kidonda. Hatari za shingo zenyewe zinamhusu kila mtu, yaani damu kuvujia ndani hasa masaa 24 ya mwanzo, kalsiamu kushuka, mshipa wa fahamu wa sauti kuumia. Ila huo mshipa ukiumia kijana anabaki na sauti ya kukwaruza, mzee anaweza akaanza kupaliwa na maji mpaka apate nimonia.

Sasa goita iliyoshuka kifuani inabana njia ya hewa, utaiacha mpaka lini? Ikimkaba ghafla atapasuliwa kwa dharura, hali ikiwa mbaya kuliko angepangiwa mapema. Na kansa ya thairoidi uzeeni huwa kali zaidi, hata kwenye kupanga steji, yaani kansa imefika hatua gani, umri unahesabiwa: mstari wa kugawa wagonjwa ni miaka 55, kabla ya 2018 ulikuwa 45.

Halafu kuna vile vivimbe vidogo vya papilari (aina mojawapo ya kansa ya thairoidi), visivyozidi sentimita moja, ambavyo Hospitali ya Kuma kule Japani wanavifuatilia tu bila kukata tangu 1993, na kwa wazee ndo vinakua taratibu kuliko kwa vijana (wengi wangedhani kinyume). Kimeonekana kwa bahati kwenye utrasaundi, hakimsumbui, mi simpeleki thieta.

Ila mzee anayetembea mwenyewe, anakula vizuri, akili timamu, na goita inamnyima usingizi, kumnyima opresheni kisa mwaka wa kuzaliwa ni uonevu. Muulizeni tu daktari kama kutoa upande mmoja kunatosha, maana ikitolewa yote ni vidonge vya homoni maisha yote, na dozi ikizidi moyo unadunda ovyo na mifupa inaisha nguvu. Muulizeni pia anafanya ngapi kwa mwaka, anayezifanya mara kwa mara huwa haharibu sana.